Wawili bila mtoto mjini, mnahitaji kipato gani ili muishi bila presha

Watu wakiuliza hili swali wanataka watajiwe namba moja, na namba moja haipo, mji ni ule ule ila anayekaa katikati na anayekaa pembeni matumizi yao hayafanani hata kidogo. Namba yenu mnaitafuta wenyewe, nusu saa inatosha, ila mkae wote wawili.

Anzeni na kodi ya nyumba, mshahara uacheni kwanza. Chukueni kodi ya eneo ambalo kweli mngependa kuishi, halafu pembeni andikeni na nauli zenu za kazini, maana nyumba rahisi ya mbali unakuja kuilipia barabarani (na muda je?). Kipimo cha wengi ni kodi isizidi asilimia 30 ya kipato, yaani zidisha kodi mara 3.3. Kodi ikiwa 300 basi kipato kisipungue kama 1,000 hivi, kwa pesa yoyote mnayotumia. Mimi napigia hesabu hela inayofika mkononi, makato yakishatoka, kwa sababu ile ya kwenye mkataba hujawahi kuishika.

Chakula na bili msizidishe mara mbili. Kuna kipimo cha kulinganisha kaya kinachojulikana kwa jina la OECD (shirika la uchumi la nchi nyingi tajiri), kinahesabu mtu mzima wa kwanza 1 na wa pili 0.5, so wawili ni moja na nusu, na inaingia akilini, friji ni moja, taa moja, intaneti moja. Ila nauli, simu, nguo na matibabu hapo kila mtu na zake.

Wengi wanaangushwa na vitu visivyokuja kila mwezi: bima, safari, kitu kimeharibika ndani, msiba, na ndugu wanaodhani kwa vile hamna mtoto basi hela mnazo. Jumlisheni ya mwaka mzima mgawe kwa 12, na juu yake muongeze akiba mpaka ifike matumizi ya miezi 3 hadi 6.

Sasa jaribio ambalo mimi naliamini kuliko asilimia zote: mshahara wa mmoja peke yake unabeba kodi, chakula na bili? Ukibeba mko vizuri hata kama jumla yenu ni ya kawaida tu, usipobeba basi mmoja akisimamishwa kazi mwezi huo huo mmekwama. Na hapo msianze kukata vitu vidogo vidogo, tafuteni nyumba ya kodi ndogo kwanza.