Namna ya Kuitambua Valvu Yenye Kelele katika Priamplifaya ya Nyumbani

Mwenye priamplifaya ya valvu, yaani kifaa kinachotumia taa za kioo (valvu) kukuza mawimbi madogo ya muziki kabla hayajafika kwenye amplifaya kuu, akianza kusikia mchakacho au mvumo kwenye spika, jambo la kwanza analolifikiria ni kuagiza valvu mpya. Mara nyingi fedha hiyo hupotea bure, kwa kuwa kelele iyo hiyo yaweza kutoka kwenye soketi chafu, rezista iliyochakaa au waya uliolegea nyuma ya kifaa. Itafute kwanza inakotoka. Sehemu kubwa ya kazi hii hufanywa kwa masikio, penseli na uvumilivu.

Ndani ya kifaa hiki mna umeme wa volti 250 hadi 300, na kapasita zake, yaani vipande vinavyotunza chaji, huweza kuuhifadhi hata baada ya plagi kuchomolewa. Zima amplifaya kuu kwanza, kisha priamplifaya, chomoa plagi, na uache valvu zipoe kwa dakika 10 kabla ya kuzigusa. Ikiwa valvu zinafikiwa tu kwa kufungua kifuniko, pima kapasita kubwa kwa multimita kabla ya kuingiza mkono. Asiyejua kupima amwachie fundi, wala si aibu.

Sasa, kifaa kikiwa kimewashwa, sikiliza. Punguza volyumu hadi sifuri: kelele ikibaki vilevile, chanzo chake kiko baada ya kidhibiti hicho, pengine hata ndani ya amplifaya kuu; ikipungua pamoja na volyumu, chanzo kiko kabla yake. Ikisikika tu unapochagua santuri, basi shuku valvu ya kwanza ya sehemu ya santuri, ambayo kwa kawaida ni ECC83, ile ambayo Wamarekani huiita 12AX7. Sindano ya sumaku hutoa takribani milivolti 5 tu, na mawimbi hayo hukuzwa karibu mara 100 ndani ya sehemu hiyo, kwa hiyo kasoro ndogo ya valvu ya mwanzo hukuzwa pamoja na muziki. Ndiyo maana valvu yako tulivu kuliko zote iwekwe hapo.

Aina ya kelele nayo ina la kusema. Mvumo mzito wa hezi 50, yaani ule wa umeme wa nyumbani kwetu, waweza kutokana na filamenti (uzi unaopasha valvu moto) inayovujisha umeme kwenye kathodi, sehemu inayopashwa moto nayo, au na nyaya za ethi zilizounganishwa vibaya; ukiwa wa hezi 100 na unasikika pande zote mbili, shuku kapasita za sehemu ya umeme, kwa sababu ni nadra valvu mbili kuharibika siku moja. Mchakacho unaokuja na kukoma, kama mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji, ndio wenye asili nyingi zaidi. Shhh laini isiyobadilika haikosekani kwa ECC83 yoyote. Ihukumu ukiwa kwenye kiti chako na volyumu ya kawaida, wala usibandike sikio kwenye spika.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni kubadilishana. Hamishia valvu ya kushoto kulia na ya kulia kushoto. Kelele ikihama, valvu ndiyo mbovu. Isipohama, tatizo liko kwenye soketi, rezista au kapasita. Angalia jambo moja: ECC83 ina trayodi mbili, yaani vikuzaji viwili vinavyojitegemea, ndani ya kioo kimoja, na baadhi ya watengenezaji huutumia upande mmoja kwa kushoto na wa pili kwa kulia. Hapo kubadilishana hakukuelezi kitu, na utahitaji valvu ya akiba unayojua kuwa nzima. Mimi niliwahi kuruka hatua hii, nikanunua valvu mbili kwa mchakacho wa upande wa kushoto, kumbe mkosaji alikuwa rezista ya anodi ya kiloomu 100, ya kaboni ya zamani, ambayo bei yake haifiki ya chupa ya soda.

Kwa sisi wa pwani, hewa ya chumvi huharibu pini kabla valvu haijachoka. Ing'oe valvu kwa kuivuta juu wima, ukiitikisa kidogo sana, kisha sugua pini zote 9 kwa mswaki laini uliolowekwa alkoholi ya aisopropili. Usitumie msasa kwenye pini zilizopakwa dhahabu, wala mafuta ya kulainishia bawaba. Zikikauka, ichomeke na kuichomoa mara tatu au nne ili soketi nayo ijisafishe.

Kisha washa kifaa, weka volyumu ya chini, na ugonge kila valvu taratibu kwa upande wa penseli wenye kifutio. Mlio hafifu ni wa kawaida. Lakini ikilia kama bilauri iliyopigwa kijiko na mlio ukaendelea kuning'inia, valvu hiyo inageuka maikrofoni, yaani inageuza mtikisiko kuwa sauti. Pete za silikoni na miguu ya mpira husaidia kiasi, na kusogeza kifaa mbali na spika husaidia zaidi. Usiitupe: isiyofaa kwa santuri mara nyingi hutumika vizuri katika hatua ya mwisho ya priamplifaya, ambako ukuzaji ni mdogo, mradi hatua hiyo nayo inatumia aina iyo hiyo.

Ukilazimika kununua, nunua kwa muuzaji aliyezipima kwa utulivu na anayekubali kurudishiwa. Umri na jina kwenye kioo havihakikishi ukimya. Usiweke ECC88, aina nyingine ya valvu, mahali pa ECC83 kwa sababu tu inaingia kwenye soketi, maana nyaya za filamenti zao haziko sawa. Na ukiona utando wa fedha ulio juu ya kioo umegeuka mweupe, hewa imeingia; hiyo haina dawa.