Somo: Kufanya kazi na tina bila kujiumiza

Wakuu, wiki haipiti bila mtu kuniuliza kwa nini kichwa kinamgonga kila akimaliza kupuliza rangi. Naandika mara moja, nimechoka kurudia. Nazungumzia tina, kile kimiminika cha kuyeyushia rangi na kuoshea vifaa, ambayo ndani yake mna toluini, kemikali inayogeuka mvuke upesi.

1. Soma lebo ya kopo.

2. Zima sigara, jiko na mashine ya kuchomelea. Toluini hutoa mvuke wa kushika moto hata kwenye nyuzi 4 za Selsiasi.

3. Hewa. Hapa ndipo nilipokosea, soma taratibu. Nilikuwa naosha bunduki ya rangi stoo, dirisha la juu liko wazi, nimevaa barakoa ya vumbi. Baada ya muda harufu ikapotea, nikadhani mvuke umetoka. Nikachuchumaa kuokota sindano ya bunduki iliyodondoka. Ukuta ukaanza kuzunguka, vidole haviishiki sindano. Mwenzangu alinivuta nje kwa ukosi wa ovaroli.

Mvuke wa toluini ni mzito mara 3 hivi kuliko hewa. Unatuama chini, palepale unapoinama. Harufu nayo haikuisha, pua ndiyo iliyozoea. Na barakoa ya vumbi haizuii mvuke hata kidogo! Fungua milango pande mbili, hewa ipite chini, vaa barakoa ya mpira yenye katriji za mvuke, yaani vichujio vyenye mkaa ndani (za Ulaya zina alama ya kahawia na herufi A). Feni ya kawaida usiiweke kwenye mvuke, mota yake inaweza kutoa cheche.

4. Miwani, na glavu zinazohimili toluini. Zile nyembamba za hospitali hulegea upesi.

5. Matambara yaende kwenye pipa la chuma lenye mfuniko.

MASWALI

– Mkuu, nikinywa maziwa si inatosha?
Hapana. Mvuke unapita mapafuni kwenda kwenye damu, maziwa yanaenda tumboni. Rudi hatua ya 3.

– Kunyonya tina na mpira toka kwenye pipa je? Huwa simezi.
Acha. Ikiteleza kidogo tu ikaingia mapafuni, ni hatari kubwa. Na aliyemeza asitapishwe, apelekwe hospitali.

– Samahani fundi, nitajuaje katriji imechoka?
Umeuliza jambo la maana. Usingoje harufu, kwa sababu pua inazoea. Andika tarehe uliyoifungua, hesabu saa za kazi, fuata muda wa mtengenezaji. Mkaa wa ndani huendelea kunyonya hata barakoa ikiwa mezani, kwa hiyo ukivua ifungie kwenye mfuko usiopitisha hewa. Na ndevu zinyolewe, zinaachia mvuke upenyo pembeni.

– Nje ya mada kidogo: masikio yangu yanavuma, nami napiga msasa wa mashine humohumo. Vinahusiana?
Inawezekana kabisa, ndugu yangu. Toluini ikikutana na kelele huumiza masikio kuliko kelele peke yake. Vaa vizibo, kapime usikivu, na umwambie daktari kwamba unafanya kazi na tina. Usipomwambia, atatafuta chanzo kwenye kelele tu.