Kabla Kikapu Hakijanyanyuka
Mashine ya kikapu, ile yenye mkono mrefu wa chuma unaompeleka fundi kwenye taa au bango, ikiingia tu kazini kila mtu anaangalia juu. Mimi naanza na ardhi. Ya kujiendesha inayofika mita 15 mara nyingi ina tani sita na zaidi, na mkono ukinyooshwa pembeni sehemu kubwa ya uzito huo inalalia gurudumu moja. Niliwahi kuwa kwenye ua wa ghala moja Dar es Salaam, umesakafiwa vizuri kabisa. Chini kulikuwa na shimo la zamani la maji taka ambalo hata mlinzi alishalisahau. Gurudumu la nyuma likadidimia kiasi cha kiganja tu, king'ora kikalia, na jamaa wa juu akakumbatia uzio wa kikapu asiseme neno. Kwa hiyo tembea kwa miguu njia yote itakayopita mashine, ukiuliza chemba ziko wapi na wapi pamefukiwa kifusi karibuni. Yenye miguu ya kutegemeza iwekewe mbao nene chini, si tofali.

Cheti cha ukaguzi cha OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, kiombe kabla ya kulipa, na namba yake ilingane na ile ya kwenye kibati cha mashine.

Halafu nyaya. Laini za umeme mkubwa, za kilovolti (kV) 11 na 33, zinazopita mitaani mara nyingi hazina ganda, na umeme wake hausubiri uguswe, huruka. Acha angalau mita tatu, ukipima kutoka ncha ya kitu kirefu kuliko vyote kikapuni, hata kama ni bomba la alumini. Nafasi ikikosekana, shirika la umeme, TANESCO, wazime laini kwanza.

Mashine nyingi za nje ukomo wake ni upepo wa mita 12.5 kwa sekunde, yaani kilomita 45 kwa saa. Pwani asubuhi hutulia, mchana upepo wa bahari unaamka, na kule juu unavuma kuliko unavyousikia ukiwa chini. Aliyeshika bango la turubai ameshika tanga. Kazi za mabango nazipanga saa moja hadi saa nne asubuhi, mteja anune asinune.

Uzito unaoruhusiwa umeandikwa kikapuni, mara nyingi kilo 230 hivi: watu wawili na zana zao. Boksi la zana nalo lipimwe, maana mafundi wetu hubeba duka zima.

Mkanda wa mwili mzima ufungwe kwenye pete ya kikapu, kwa kamba fupi. Gurudumu likiingia kwenye shimo dogo, kikapu hurusha mtu kama manati. Anayejifunga kwenye nguzo ya jengo naye ajue kikapu kikishuka yeye anabaki akining'inia.

La mwisho ndilo ninalogombania kila siku: nani anabaki chini? Aliye juu akizimia, au akibanwa kati ya uzio na boriti, hawezi kujishusha. Mpandishe fundi mita mbili, zima injini, kisha mwambie wa chini amshushe kwa vidhibiti vya dharura. Akianza kuizunguka mashine akitafuta pa kushika, fundi ashuke, tumfundishe kwanza, hata kama saa nne yetu itatupita na jua lituchome.