Namna ya Kujaza Karatasi ya Saa za Kazi kwa Mwajiriwa Mpya Anayelipwa kwa Saa

Katika maghala na viwanda vingi vya hapa Tanga, mwajiriwa mpya anayelipwa kwa saa huonyeshwa mashine ya alama za vidole mlangoni, kisha hupewa karatasi ya saa ambayo huijaza kwa mkono na kuiwasilisha kwa msimamizi wa zamu kila mwisho wa wiki. Wengi huamini kwamba mashine ndiyo inayolipa. Katika ghala nililofanyia kazi, kilicholipa ni karatasi, na kati ya karatasi na mshahara alikuwapo karani wa malipo aliyeingiza tarakimu kwenye kompyuta jinsi alivyozisoma, bila kumuuliza mtu yeyote.

Kwanza soma mkataba wako na unakili viwango vyake pembeni, kwa sababu utavihitaji. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Saa ya ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya kiwango cha msingi, na saa iliyofanywa siku ya mapumziko ya wiki au sikukuu ya kitaifa hulipwa mara mbili. Jina, namba ya mfanyakazi na idara havihitaji maelezo.

Muda wa kuingia na kutoka uandike papo hapo, wala usisubiri Ijumaa uanze kukumbuka ya Jumatatu. Fanya hivyo hata kama umeweka kidole, kwa kuwa umeme hukatika, na mashine hizi hukataa vidole vilivyochubuliwa na mkonge au kukaushwa na saruji, nao wasimamizi husikitika kwa dhati huku wakikuandika kuwa hukufika. Tumia mtindo wa saa 24 ikiwa karatasi inautumia: anayeingia saa 2 usiku aandike 20:00, kwa maana "2:00" mbele ya karani ni saa nane za usiku.

Hatua iliyonigharimu fedha ni safu ya mwisho, ya jumla ya saa kwa siku. Mfanyakazi aliyekaa kazini saa saba na nusu huandika 7:30, au 7.30, na kila anayeisoma kwa macho huelewa. Kompyuta ya malipo haielewi hivyo: huichukua 7.30 kuwa saa saba na sehemu tatu za kumi, yaani saa saba na dakika 18, na dakika 12 zinapotea. Kwa anayelipwa, tuseme, shilingi 2,000 kwa saa na kufanya kazi siku 26, hasara hiyo hufikia saa 5.2, ambazo ni shilingi 10,400 kwa mwezi. Robo tatu ya saa inaumiza zaidi, kwani 7.45 husomwa kuwa saa saba na dakika 27. Nilipokwenda kuuliza, nilielezwa kwa upole mkubwa kwamba mfumo haukosei, na kwa kweli ulikuwa umejumlisha sawasawa kile ulichopewa. Kwa hiyo gawanya dakika kwa 60 kabla ya kuandika: dakika 15 ni 0.25, dakika 30 ni 0.5, dakika 45 ni 0.75, na dakika 20 ni 0.33. Ukiwa na shaka, muulize karani mwenyewe anataka mtindo upi, na jibu lake liandikwe juu ya karatasi, kwa sababu makarani hubadilishwa.

Zamu ya usiku igawe saa sita za usiku. Aliyeingia Jumatatu saa 22:00 na kutoka Jumanne saa 06:00 aandike mistari miwili, saa 2 za Jumatatu na saa 6 za Jumanne. Akiandika mstari mmoja, baadhi ya mifumo huona ametoka kabla ya kuingia na kumpa sifuri. Mgawanyo huo una faida nyingine: zamu inayoanza usiku wa tarehe 25 Aprili huingia katika Sikukuu ya Muungano, na saa sita za asubuhi yake hustahili malipo ya mara mbili. Kumbuka pia nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa kati ya saa 20:00 na 06:00, ambayo kwenye karatasi nyingi haina safu, hivyo iandike kwenye nafasi ya maelezo.

Mapumziko hayana ugumu. Anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa 5 anastahili angalau dakika 60, na mwajiri halazimiki kuzilipia. Lakini ukiamriwa ubaki kwenye mashine au langoni huku unakula, muda huo ni wa kulipwa. Uandike, na uandike aliyekuamuru.

Kabla ya kukabidhi, msimamizi asaini mbele yako, kisha upige picha ya karatasi yote. Msimamizi atasema hakuna haja, naye ni mtu mwema, lakini karatasi husafiri kupita meza nyingi.

Malipo yakitoka, linganisha hati ya malipo, ambayo mwajiri analazimika kukupa kwa maandishi, na picha zako. Dosari ipelekwe kwa maandishi kwa afisa rasilimaliwatu, ukibaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Asipoitikia, jaza fomu CMA F.1 ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, umpe mwajiri nakala yake kwanza, kisha uiwasilishe katika ofisi ya Tume mkoani pamoja na uthibitisho kwamba ameipokea. Mgogoro wa malipo una siku 60 tangu ulipozuka, na ahadi za "njoo wiki ijayo" hazisimamishi hesabu hiyo.