Gari-nyumba liache kambini: siku nzima kwenye makumbusho ya historia ya Texas

Mimi ni dereva wa lori, naishi Houston, kwetu Tanga. Kwa hiyo nikikwambia gari-nyumba, hili ambalo wenyeji huliita RV, usiliingize katikati ya Austin, usidhani ni woga. Makumbusho ya historia ya jimbo, Bullock Texas State History Museum, yako Congress Avenue jirani na chuo kikuu, na maegesho yake yako chini ya ardhi. Gari-nyumba la kukodi kimo chake hupita mita 3, na kiyoyozi kiko juu ya paa. Utakiacha mlangoni. Nafasi za pembeni mwa barabara nazo zimepimwa kwa magari madogo.

Lala McKinney Falls State Park, kusini-mashariki mwa jiji, si mbali na uwanja wa ndege. Ukitoka Houston shika barabara kuu ya I-10 mpaka Columbus, kisha barabara namba 71 kupitia Bastrop, ujaze mafuta hapohapo Bastrop. Utafika kambini bila kukanyaga mjini. Ukitokea San Antonio unaweza kupita barabara ya kulipia, SH 130, ili ukwepe foleni ya I-35. Kipande cha kusini cha barabara hiyo kinaruhusu maili 85 kwa saa, na hakuna barabara nyingine Marekani inayoruhusu zaidi. Ruhusa si amri. Tairi nyingi za trela hazikutengenezwa kwa mwendo huo, na upepo wa ubavuni hulisukuma gari refu. Kaa kulia, nenda maili 60, wenye haraka wapite.

Lipia siku mbili za kulala, si moja. Mbuga za jimbo hukutaka uondoke saa 6 mchana, na mgeni mpya huingia kuanzia saa 8. Ukilala usiku mmoja tu, siku yako ya makumbusho inakatwa katikati na huna pa kuliweka gari. Weka nafasi mapema mtandaoni, hasa mwisho wa wiki na majira ya maua, Machi na Aprili. Angalia kama plagi yako ni ya ampea 30 au 50, uchague kiwanja kinacholingana. Asubuhi kabla hujatoka, acha umeme umechomekwa na kiyoyozi kinawaka. Kiangazi joto hupita nyuzi 38, na friji yenye samaki haina subira. Kwenda mjini mimi huita Uber. Mwenye gari dogo analovuta nyuma, basi hilo ndilo la kuingiza kwenye maegesho ya chini.

Ukiingia, usikimbilie ghorofa za juu. Anzia chini, kwenye meli ya La Belle. Mfaransa La Salle alikuwa akitafuta mdomo wa mto Mississippi, akapitiliza, akatua pwani ya Texas mwaka 1685. Meli ikazama Matagorda Bay mwaka 1686, yeye akauawa na watu wake mwaka uliofuata. Wanaakiolojia waliiona mwaka 1995. Badala ya kupiga mbizi miezi na miezi katika maji ya tope, walijenga ukuta wa chuma kuizunguka, wakanyonya maji, wakachimba pakavu. Mbao zikakaushwa kwa kugandishwa katika chuo kikuu cha Texas A&M, kisha zikaunganishwa upya humu ndani.

Nilimpeleka mama mkwe, ambaye baba yake alikuwa fundi wa majahazi. Magoti yake hayapatani na ngazi, lakini kuna lifti, na kiti cha magurudumu unauliza mapokezi. Alikaa mbele ya ile meli mpaka watoto wakachoka.

"Baba Zuhura, walijuaje taruma lipi linakaa wapi?"

"Mafundi wa Kifaransa walichonga namba kwenye mbao, mama. Ilikusudiwa ibebwe vipandevipande, iundwe huku."

"Hao mafundi," akasema, akahamia kwenye shanga.

Na shanga zenyewe ni za kutazama: za kioo, mamia ya maelfu yalitolewa melini pamoja na pete na njuga za shaba, bidhaa za kubadilishana na wenyeji. Mtu wa pwani yetu hahitaji kuelezwa biashara hiyo.

Ghorofa ya pili nenda ukijua mambo mawili. Mexico ilipiga marufuku utumwa mwaka 1829, na Texas ilijitenga nayo mwaka 1836; soma maelezo ya ukutani ukiwa na tarehe hizo kichwani, utaona mengi. Kisha Juni 19, 1865, siku tangazo la uhuru wa watumwa liliposomwa Galveston. Hapo usiwaharakishe watoto. Kwenye ghorofa hiyohiyo kuna sanamu ya Mungu-mke wa Uhuru iliyokaa juu ya kuba la bunge tangu 1888 hadi 1985. Sura yake imekakamaa makusudi, ili aliye chini barabarani aione. Kwa karibu inatisha kidogo. Ghorofa ya tatu, mafuta na ng'ombe, pita kwa mwendo wako. Sinema ya skrini kubwa naiacha kwa wenye watoto waliochoka kutembea.

Alasiri tembea kusini hadi bungeni, si mbali, na kuingia ni bure. Upande wa kusini wa bustani yake kuna mnara wa kumbukumbu ya historia ya Wamarekani Weusi wa Texas, uliozinduliwa 2016.

Rudi kambini kabla ofisi hazijatoka, la sivyo nauli ya Uber itapanda na I-35 itasimama. Kama mnataka kula mjini usiku, chukueni mapema namba ya kufungulia geti la mbuga. Jua likiwa bado lipo, watoto wanaweza kuogelea Onion Creek, ila mvua kubwa ikiwa imenyesha, msiingie. Kijito hicho hufurika upesi.