Kuuza vitu vya ndani ili kulipa madeni: tulivyofanya na wifi yangu, hatua kwa hatua

Wifi yangu alikuja kwangu Mbagala Jumamosi moja asubuhi, akakaa ukingoni mwa kochi kama mgeni, akatoa daftari la mtoto la hesabu. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na madeni yake yote. Kausha damu, ule mkopo wa mtaani unaorejeshwa kila siku, yamebaki marejesho 18 ya shilingi 12,000. Kikoba, 150,000. Ada ya mtoto, 120,000. Duka la Mangi, 47,500. Songesha, mkopo wa M-Pesa kwenye simu, 23,000. Jumla 556,500, na mshahara wa kaka ulishakatwa kabla haujaingia.

Tulimaliza kwa wiki tano, bila kukopa tena. Naandika kwa sababu tangu hapo watu watatu wameniuliza tulifanyaje, na kila mmoja nilimweleza nusu tu.

Hatua ya 1: Mwambie mwenzio

Kitu kikitoka ndani ya nyumba kimyakimya, maneno yake yanafika mbali kuliko deni lenyewe. Haya, tuendelee.

Hatua ya 2: Soma fomu ya mkopo kabla hujagusa kitu

Watu wengi wanaruka hapa. Wakopeshaji wa mitaani wanakuandikisha vitu vya ndani kama dhamana. Wifi aliposaini alikuwa na haraka ya pesa, akasahau kabisa. Tulipoitoa ile fomu tukakuta televisheni, sofa na friji la jikoni vyote vimo, na sahihi yake chini. Ukiuza kitu kilichoandikwa rehani umejitafutia kesi nyingine juu ya deni. Hivyo vitatu tukavipigia mstari: haviuzwi mpaka mkopo uishe.

Mkiwa na fomu mkononi, pigeni hesabu ya riba. Alikopa 300,000, analipa 12,000 kila siku kwa siku 30, yaani 360,000. Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wadogo wenye leseni kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 300,000 hiyo ni 10,500. Yeye alikuwa analipa 60,000. Nilimwonyesha kwenye kikokotoo cha simu, akanyamaza kidogo, akaniambia, "Wifi, basi zima hiyo."

Kisha mpigie afisa mikopo, muulize swali moja: nikimaliza lote leo unanipunguzia kiasi gani? Wa kwetu alijibu hapunguzi hata mia. Jibu hilo lina maana yake. Kama hapunguzi, huna sababu ya kutupa kitu kwa bei ya hasara ili umlipe leo badala ya wiki ijayo, ilimradi rejesho la kila siku halikosekani, maana faini yake ndiyo inayoua. Angekubali kupunguza, ningesema uza haraka.

Hatua ya 3: Kila kitu kipewe deni lake

Hapa ndipo shughuli yote ilipo. Usiuze vitu kwanza halafu ukafikiria pesa iende wapi. Pesa ya kitu kilichouzwa ina miguu: jioni mtoto anakohoa, asubuhi LUKU imekata, na keshokutwa hujui 40,000 imekwenda wapi na kitu chenyewe huna. Chukua karatasi, andika madeni upande mmoja na vitu upande wa pili, chora mistari. Ya kwetu ilikuwa hivi:

Simu ya Samsung na baiskeli ya mtoto: kausha damu.
Friza: kikoba na sehemu ya ada.
Vyombo vya kitchen party: duka, Songesha na ada iliyobaki.

Sheria ikawa pesa ikiingia, deni lake linalipwa saa hiyohiyo. Isilale ndani hata usiku mmoja.

Tahadhari kuhusu Songesha na mikopo mingine ya aina hiyo: ukiwa na deni kwenye laini, pesa ikiingia tu inakatwa kwanza. Ukipokelea malipo ya friza kwenye laini hiyo, umeshavuruga karatasi yako. Pokea kwa laini nyingine, au fedha taslimu.

Hatua ya 4: Chagua cha kuuza

Usiuze kinachoingiza pesa wala kinachopika. Mwaka 2019 mimi niliuza cherehani, miezi miwili baadaye nikawa namlipa fundi kushona sare za shule za wanangu. Mpaka leo inaniuma.

Anza na vinavyokula bila kuzalisha. Wifi alikuwa na friza ya biashara ya barafu na ubuyu. Biashara ilikufa mwaka juzi, lakini friza iliendelea kuwaka kugandisha samaki wawili. Kisha fungua juu ya kabati. Mwanamke yeyote aliyefanyiwa kitchen party ana akiba huko na hajui. Tulishusha seti tatu za hotipoti, chupa za chai sita na blenda moja, vyote kwenye maboksi yake. Na doti tisa za vitenge vya sare za harusi za watu ambao wengine wameshaachana. Vitenge nilimwambia avirudishe, havina bei.

Hatua ya 5: Picha na tangazo

Piga picha mchana, kibarazani, kitu kikiwa kimefutwa. Piga na kasoro yake. Friza yetu ilikuwa na kutu mguuni, tukaipiga kutu peke yake kwa karibu. Mnunuzi akija anaikuta anayoijua, hana cha kushushia bei.

Andika bei. Naomba nirudie: andika bei. Hii tabia ya "bei njoo inbox" siielewi. Unachosha watu wenye pesa na unakusanya wenye maswali. Sisi tuliweka bei yenye nafasi ya kushuka kidogo, tukaandika "maongezi yapo."

Mimi natumia status ya WhatsApp kabla ya kitu kingine chochote. Wanaoiona wana namba yangu, wananijua, na wanaogopa kunitapeli kwa sababu tutakutana msibani. Mitandao ya matangazo kama Jiji ni mizuri kwa vitu vikubwa kama friza, ila jiandae kupigiwa na madalali wanaojifanya wateja. Dalali utamjua: haulizi kitu kinafanya kazi, anauliza bei ya mwisho. Vyombo vya kitchen party nilivitangaza kwa kina mama wanaochangia kitchen party nyingine. Hotipoti ziliondoka kwa siku mbili, zikiwa zimefungwa upya kwa karatasi ya zawadi.

Wanakikoba wenzako wauzie, lakini taslimu. Hakuna mali kauli. Ukimkopesha mtu ili ulipe deni, umebadilisha deni jina tu.

Hatua ya 6: Simu

Hii ndiyo iliyotutoa jasho. Kama huuzi simu, ruka.

Simu iliuzwa Jumatano saa nane mchana kwa 180,000. Saa tisa pesa ilikuwa kwa afisa mikopo, kama karatasi ilivyosema. Saa mbili usiku mnunuzi akarudi. Kijana mpole, anafanya kazi ya gereji, simu mkononi. Inawaka, halafu inaomba akaunti ya Google ya mwenyewe wa zamani, na haiendi popote. Anataka simu ifunguke au pesa yake. Pesa haipo.

Kilichotokea ni kwamba mpwa wangu aliifuta kwa kubonyeza vitufe vya pembeni simu ikiwa imezimwa, kwa sababu ni haraka. Ukifuta hivyo akaunti ikiwa bado imo, simu inajifunga ikidhani imeibwa. Ndivyo ilivyotengenezwa, na kwa mwenye simu ni ulinzi mzuri. Mbaya zaidi, akaunti yenyewe wifi hakuifungua yeye. Alifunguliwa na kijana wa dukani Kariakoo siku aliyonunua, nenosiri akaliweka yule kijana, na namba ya kurejeshea ni laini aliyoipoteza kwenye daladala.

Tulikaa mkekani watu wanne. Mnunuzi alipewa chai, akanywa, akapewa nyingine. Tulijaribu kila nenosiri ambalo kijana wa dukani angeweza kubuni. Kilichotuokoa ni Tecno ya zamani yenye kioo kilichopasuka, ambayo akaunti ileile ilikuwa bado imefunguka ndani yake. Tulibonyeza nimesahau nenosiri, ujumbe wa kuthibitisha ukaja kwenye Tecno, akabonyeza Ndiyo, tukaweka nenosiri jipya. Saa tano kasoro. Tukashangilia. Tukaingiza nenosiri kwenye Samsung, ikakataa.

Ukibadilisha nenosiri, simu iliyojifunga inaweza kukuwekea subira ya saa 24 au zaidi kabla ya kulikubali. Hilo sikulijua. Kila ukijaribu tena kwa hasira hujisaidii kitu. Mnunuzi aliondoka na sabufa yangu kama rehani, kwa maandishi, na Ijumaa asubuhi simu ikafunguka, tukabadilishana.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu, usibadilishe:

1. Hakikisha unalijua nenosiri la akaunti yako. Kama hulijui, libadilishe leo, na uza simu baada ya siku tatu, si kesho.
2. Hamisha picha, namba za watu na WhatsApp. Futa hasa picha za kitambulisho cha NIDA na kadi ya benki.
3. Ingia Mipangilio, kisha Akaunti, uiondoe akaunti ya Google. Kwenye Samsung kuna akaunti ya Samsung pia, nayo iondoe. Usifute simu kabla ya hapa.
4. Sasa futa data yote kutoka ndani ya Mipangilio. Vitufe vya pembeni usiviguse.
5. Toa laini na kadi ya kumbukumbu.
6. Iwashe mbele ya mnunuzi, aiwekee akaunti yake mwenyewe mpaka afike ukurasa wa mwanzo. Asiondoke kabla.

Piga *#06# uone namba ya IMEI, uilinganishe na ya kwenye boksi, uiandike kwenye karatasi ya mauziano pamoja na majina na sahihi zenu wote wawili. Mwenye akili hatanunua simu isiyo na boksi wala risiti. Tena matangazo yako yaweke kwa simu ya mtu mwingine. Sisi nusura tuuze simu iliyokuwa inapokea wateja wa friza.

Hatua ya 7: Kupokea malipo

Ujumbe wa maandishi si pesa. Angalia salio mwenyewe kwenye menyu, ndipo kitu kitoke. Akisema mtandao unasumbua, mpe kiti asubiri.

Friza iwe inawaka anapofika, na iwe imeshagandisha kikombe cha maji. Kirikuu ya kuibeba ni juu yake. Ya kwetu iliondoka kwa 245,000. Kikoba tukalipa siku hiyohiyo, na 95,000 iliyobaki nikaipeleka shuleni mimi mwenyewe, kwa sababu wifi alikuwa ameanza kuzungumzia mapazia.

Hatua ya 8: Kufunga deni

Rejesho la mwisho usilitume kwa simu ukalala. Nenda. Omba maandishi kwamba umemaliza, omba fomu yenye orodha ya dhamana, na kama walikushikia kadi ya benki, itoke hapohapo mbele yako. Ya wifi walikuwa nayo pamoja na namba yake ya siri iliyoandikwa kwa peni nyuma ya bahasha. Tulitoka pale tukaenda moja kwa moja kwenye mashine, akabadilisha namba, mimi nikiwa nimegeuka upande wa barabara.

Kwa Mangi alilipa kwa noti za elfu kumi kumi. Mangi akachana ukurasa, akampa na peremende ya mtoto.

Chupa za chai zimebaki mbili, za maua mekundu, 18,000 kila moja. Zinasubiri harusi za baada ya Idi.