Namna ya Kushiriki Shughuli za Mtaa Dar es Salaam Ukiwa Mgeni Mkazi

Mgeni anayepanga chumba Sinza, Tandika au Mbagala anaweza kumaliza mwaka mzima bila kumjua mtu mwingine wa mtaani isipokuwa mwenye nyumba wake, na hilo ndilo kosa linalomgharimu kuliko mengine yote. Siku akihitaji barua ya utambulisho ya kufungulia akaunti benki, au mtu wa kumdhamini polisi, atakuta hakuna anayeweza kusema kwa uhakika kwamba anaishi hapo. Maelekezo haya ni ya Wakongomani, Warundi, Wakenya, Wangazija na wengine wanaoishi jijini kihalali na wanaotaka kuhesabiwa kuwa wenyeji wa mtaa wao.

Kwanza hakikisha karatasi zako ziko sawa. Kibali cha ukaazi kina madaraja: A kwa mwekezaji na anayejiajiri, B kwa aliyeajiriwa, C kwa wanafunzi, watafiti, wamisionari na wengine wa aina hiyo. Mkimbizi yuko chini ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, inayomtaka aishi katika eneo lililotengwa na asitoke bila ruhusa. Kwa hiyo asidhani kwamba kukaa kwake Dar es Salaam kutahalalishwa na barua ya mtaa. Mwenye kibali aulizie pia kitambulisho cha mgeni mkazi, kwa kuwa NIDA, yaani Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, haitoi vitambulisho kwa raia peke yao.

Katika wiki ya kwanza, mwombe mwenye nyumba akufikishe ofisi ya serikali ya mtaa, nawe ubebe pasipoti, kibali na mkataba wa pango. Utakutana na viongozi wawili ambao wageni wengi huwachanganya. Mwenyekiti huchaguliwa na wakazi, ilhali Afisa Mtendaji ni mwajiriwa wa halmashauri, na shughuli nyingi za karatasi ziko mezani kwake. Omba uandikwe kwenye rejista ya wakazi, na ukitozwa fedha yoyote omba stakabadhi kwa upole. Ulizia pia mjumbe wa shina lenu, yaani wa kundi la nyumba za jirani. Mjumbe ni kiongozi wa chama tawala, CCM, si mtumishi wa serikali, lakini katika mitaa mingi bado yeye ndiye anayejua nani kahamia nyumba ipi, na kumpita bila salamu huonekana kuwa dharau.

Baada ya hapo, hudhuria mkutano wa mtaa. Ibara ya 21 ya Katiba inampa raia haki ya kushiriki katika utawala wa nchi, na kura ni ya raia peke yake. Lakini uhuru wa kueleza mawazo, katika ibara ya 18, umewekwa kwa kila mtu. Hivyo mgeni haruhusiwi kunyoosha mkono wakati wa kupiga kura, na akinyoosha atajiharibia yeye na wenzake, ila mtaro uliozibwa na taka unamfurikia yeye sawasawa na jirani yake, na ana neno la kusema juu yake. Kabla ya mkutano mwone mwenyekiti, umwulize kama utapewa nafasi. Mkutano wa kwanza sikiliza tu: angalia nani anasikilizwa, na taarifa ya mapato na matumizi inasomwaje. Ukipewa nafasi, simama, taja jina na nyumba unayoishi, kisha useme jambo moja tu lenye ushahidi. Mashindano ya vyama waachie wenye kura.

Mtaani kwetu yupo mwalimu mmoja Mkongomani aliyeandika daftarini, masika nzima, tarehe za siku ambazo maji yaliingia nyumba za upande wake. Alipoisoma orodha ile mkutanoni, mabishano kuhusu kama mtaro ni mbovu yalikwisha, na kilichobaki kujadiliwa kilikuwa siku ya kuuzibua na nani alete chepeo. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita mgeni mbele yangu.

Hata hivyo, mkutano peke yake hautoshi. Nenda msibani, hata kama marehemu humjui, ukae na wenzako na uandikishe mchango wako. Hapo ndipo watu wa Dar es Salaam wanapomtambua jirani. Lipa ada ya taka na mchango wa ulinzi shirikishi kwa wakati. Mwenye mtoto shuleni asikose kikao cha wazazi. Mkitaka kuunda umoja wa watu wa kwenu, usajilini kwa Msajili wa Jumuiya, lakini nasisitiza kwamba umoja huo usichukue nafasi ya mtaa: jumuiya inayozika na kusherehekea peke yake hubaki bila wa kuitetea.

Wapo watakaotaka kwenda mbali zaidi, na njia ipo. Oktoba 1961, Bunge la Tanganyika lilipojadili muswada wa uraia, baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika tu, na Julius Nyerere alikataa katakata kuufunga uraia na rangi ya ngozi. Barbro Johansson, mwalimu na mmisionari aliyezaliwa Sweden, alikuwa mbunge na alichukua uraia wa Tanganyika. Leo Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inamtaka mwombaji wa uraia wa tajinisi, yaani uraia anaopewa mgeni kwa kuomba, awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe amekaa jumla ya miaka 7 au zaidi. Sharti ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na mwenendo mwema, na akane uraia wake wa awali, kwa kuwa Tanzania hairuhusu uraia pacha. Uamuzi ni wa Waziri wa Mambo ya Ndani.

Ukishapata cheti cha uraia, rudi ofisi ile ile ya mtaa. Orodha ya wapiga kura wa uchaguzi wa serikali za mitaa huandikwa upya wiki chache kabla ya uchaguzi, kama ilivyofanyika kabla ya kura ya tarehe 27 Novemba 2024, nayo ni tofauti na Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Aliyejiandikisha kwenye daftari hilo pekee hataliona jina lake siku ya kumchagua mwenyekiti wa mtaa.